Saa ya Wapiga Mbizi Kanisani

Ndugu zangu, hadi leo uso wanichoma nikikumbuka. Nilinunua saa ya wapiga mbizi pale Ukunda, ya bei nafuu, mimi ambaye bahari huiingia hadi magotini tu. Muuzaji alinipunguzia mkanda ukanikaa sawasawa, akaniambia, "Haina betri, kaka. Hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ikisimama, itikise."

Jumamosi nikaenda nayo Mkongani, kwenye harusi ya Kai, mwenzangu wa kazi katika hoteli moja ya Galu. Bibi harusi alikuwa Mbeyu. Mimi na Mbeyu tuliwahi kupendana, tukaachana kwa heri, na Kai hakuwahi kuambiwa.

Kanisani nikaivaa, nikagundua imesimama, maana siku zote nilikuwa nimeifungia kabatini isije ikakwaruzika. Nikainua mkono nikautikisa, kisha nikaiweka saa sikioni. Kimya. Nikainua tena, nikatikisa kwa nguvu zaidi. Mchungaji alikuwa akisema jambo, lakini mimi nilikuwa nasikiliza saa.

Nilipoinua macho, kanisa zima lilikuwa limegeuka kunitazama.

"Ndugu yetu," mchungaji akasema, "nimeuliza kama kuna mwenye pingamizi kwa ndoa hii, nawe umeinua mkono. Haya, sema."

Kabla sijatamka neno, Mbeyu akapiga ukelele.

"Mchungaji, usimsikilize! Mimi na yeye tulishaachana!"

Kai akauachia mkono wa Mbeyu polepole.

"Mliachana?" akauliza. "Kwani mlikuwa pamoja?"