Bibi Wankyo na Mkwewe Katika Ukumbi wa VIP

"Bibi, kwani wewe unamchukia baba?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili. Tulikuwa kwake kijijini, kando ya barabara ya kutoka Bunda kwenda Kisorya, tumekaa uwanjani tunachambua pamba. Pikipiki ya baba ikasikika kwenye kona. Bibi akatupa pamba, akavuta khanga kichwani na kukimbilia nyuma ya ghala kwa mbio ambazo sikujua kama anazo. Baba akashuka, akageukia zizi kama mtu anayehesabu ng'ombe, akaliambia zizi:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," ghala likajibu. "Musoma hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Mvua imenyesha huku?"

"Imenyesha ya kudanganya tu."

Wakaongea hivyo hivyo karibu nusu saa, mmoja na zizi, mwingine na ukuta. Baba alipoondoka ndipo nikauliza. Bibi aliniangalia, akaokota pamba yake, akasema nimalize fungu langu kabla jua halijazama.

Nyumbani kwetu Kitaji, Musoma mjini, nilimuuliza mama, maana mimi nikishika swali siliachi. Mama akasema, "Baba yako ni mkwe wa bibi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaangaliani machoni, hawali chumba kimoja. Ni heshima."

"Heshima gani ya kukimbiana?"

"Dorah, nenda kaoshe vyombo."

Bibi yangu anaitwa Wankyo. Ni mrefu, mweusi, na sauti yake inavuka bonde bila simu. Hajui kusoma, lakini ukimsomea kitu mara moja anakushika ukikosea mara ya pili. Alibaki mjane na watoto wawili, mama yangu Yunis na mjomba Isaya, akawasomesha kwa pamba na ng'ombe watatu. Nilikuwaga naenda kwake kila likizo, na jambo moja nililiona mapema: siku baba akija, kuku mmoja hakuwa na bahati. Bibi mwenyewe alikuwa jikoni, baba sebuleni, na mimi ndiye nilipeleka sahani. Firigisi ilikuwa juu kabisa, peke yake, kama taji. Mtu unayemchukia humpi firigisi. Kwa hiyo swali langu halikufa, lilizidi kunisumbua.

Mjomba Isaya ni muuguzi Maskati. Alikuwa huko miaka tisa bila kurudi, na nilipofika darasa la sita akapata mtoto wake wa kwanza. Akapiga simu akilia na kucheka, akisema lazima mama yake amshike huyo mtoto. Shida ilikuwa miguu ya bibi. Ilikuwa inavimba akikaa muda mrefu, mpaka ngozi inang'aa. Kwa hiyo mjomba akamkatia bibi tiketi ya daraja la biashara, kule mbele ambako kiti kinageuka kitanda, na baba na mimi akatukatia ya kawaida ili tumsindikize. Mama hakuweza kuacha kazi.

Siku mbili kabla ya safari baba alimpeleka bibi kwa daktari Musoma. Nasema alimpeleka, lakini bibi alikaa kiti cha mbele cha gari kwa ajili ya miguu yake, na baba akaendesha akiangalia dirisha lake, mpaka mama akapiga kelele kwamba watatumaliza. Daktari alimfunga bibi uzi mweupe juu ya kifundo cha mguu, akaingiza vidole viwili chini yake.

"Bibi, uzi huu ukibana, usipande ndege. Ukiona kidole hakipiti, rudi nyumbani. Na miguu ikae juu kila unapopata nafasi, isining'inie."

"Nimekusikia," bibi akasema. "Kama sipandi, mtoto wa Isaya nitamshika lini? Nina miaka sabini na tatu."



Tulilala Dar es Salaam kwa rafiki wa baba, tukafika uwanjani saa mbili asubuhi kwa ndege ya saa tano. Tukaambiwa ndege imechelewa, itaondoka saa kumi na moja jioni. Bibi akakaa kwenye viti vya chuma, sisi safu ya nyuma yake, migongo imeelekeana. Baada ya saa moja na nusu nilipiga magoti kuangalia uzi. Kidole kimoja kilipita kwa shida.

"Baba, unabana."

Baba akasimama. "Mwambie bibi yako tiketi yake inaruhusu kuingia VIP. Kuna makochi kule. Twende."

Mlangoni kulikuwa na dada mmoja, jina lake limeandikwa kifuani, Pelagia. Alimwona baba na shati lake jeupe, akatabasamu.

"Karibu, mheshimiwa. Naomba pasi yako ya kupandia."

Baba akampa.

"Samahani baba, hii ni daraja la kawaida."

"Mwenye ukumbi ni yule kule," baba akasema, akinyoosha kidole nyuma bila kugeuka.

Pelagia akachungulia. Hatua kumi nyuma yetu alikuwepo mwanamke mzee aliyevaa raba, khanga imefunika kichwa chote, anaongea na nguzo.

Nilimfuata bibi, nikachukua pasi yake. Kulikuwa na ubao wa masharti ukutani, na mimi nilipenda kusoma kila kitu, hata makopo ya dawa ya mbu, basi nikamsomea kwa sauti. Abiria wa daraja la biashara anaruhusiwa mgeni mmoja anayesafiri ndege hiyo hiyo. Mgeni aingie na mwenyeji wake, na mwenyeji akitoka naye atoke. Mtoto chini ya miaka kumi na miwili hahesabiwi. Chakula kisitolewe nje.

"Aliyeandika hayo ana akili," bibi akasema. "Hata kwangu mgeni haingii mwenyewe nikiwa sipo. Kwa hiyo mwenyeji ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na baba yako ni mgeni wangu?"

"Ndiyo. Na mimi sihesabiwi, nina miaka kumi na moja na miezi minane."

Bibi akafikiri. Kisha akasema, "Basi siingii."

Baba alisikia. "Mwambie bibi aingie na wewe. Mimi nitabaki hapa nje."

"Mwambie baba yako," bibi akaiambia nguzo, "mkwe akae kwenye chuma na njaa, mimi nile nyama ndani? Nikirudi nitasema nini?"

"Mwambie bibi sina njaa."

"Mwambie baba yako ni muongo. Tumbo lake nimelisikia tangu Mwanza."

"Mwambie bibi basi tuingie wote watatu."

"Nikae nile mbele ya mkwe! Mwambie baba yako joto la Dar limempanda kichwani."

Nilikuwa katikati nageuza shingo kama mtu anayeangalia mpira wa meza, na wala hapakuwa na haja, walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Pelagia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, hawa wamegombana lini?"

"Hawajagombana, dada. Ni wakwe."

"Sasa mimi nifanyeje? Aingie peke yake, nampokea. Waingie wote, nawapokea. Lakini siwezi kumwingiza baba yako bila yeye, wala yeye atoke baba abaki."

Tukarudi kwenye viti vya chuma. Bibi alikaa mgongo umenyooka, anaangalia mbele. Miguu ilikuwa inajaa, nilikuwa naiona ikijaa. Baba alikwenda na kurudi, akakwenda na kurudi. Saa nne na nusu niliangalia tena uzi. Kidole hakikupita. Ulikuwa umezama kwenye ngozi kama kamba kwenye gunia.

Bibi aliniangalia usoni. "Umebana?"

"Ndiyo."

Alitoa kwenye mkoba kofia ndogo ya sufu aliyomnunulia mtoto wa Isaya sokoni Bunda, akaikunja, akaikunjua, akairudisha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwahi kumwona bibi akishika kitu bila kazi.

Nilikimbia kwa Pelagia. "Dada, masharti yanasema mgeni akae chumba kimoja na mwenyeji, au ndani ya ukumbi tu?"

Akasoma ubao wake kana kwamba hajawahi kuuona. "Ndani ya ukumbi."

"Kuna chumba kingine huko ndani?"

"Kuna choo." Akageukia ndani. "Na chumba cha watoto. Kina mlango. Lakini viti vyake..."

Baba yangu ni fundi wa mitambo ya baridi, na ana urefu wa futi sita na kitu. Chumba cha watoto kilikuwa na ukuta wa kioo uliobandikwa picha za twiga mpaka usawa wa kifua changu, na viti vya plastiki vyekundu vya watoto wa chekechea. Akisimama, anaonekana. Akikaa kile kiti, magoti yakifika kidevuni, twiga wanamfunika kabisa.

"Mwambie bibi yako," baba akasema baada ya kuchungulia, "kuna nyumba ya mgeni."

Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi. Pasi zilitakiwa kupitishwa kwa pamoja. Baba akatangulia akiangalia ukuta wa kushoto, bibi akafuata akiangalia wa kulia, mimi katikati nimewashika wote wawili mikono, na Pelagia anasema, "Karibuni, karibuni," huku akijiuma mdomo. Mzungu mmoja aliyekuwa anasoma gazeti alitupisha kwa heshima sana. Nadhani alifikiri wote wawili ni vipofu.

Bibi akalazwa kwenye kochi, miguu juu ya mito mitatu. Ungefikiri atapumzika. Lakini sasa alikuwa na mkwe nyumbani kwake.

"Dorah, jikoni ni wapi? Nani anachinja?"

Nikamwonyesha meza ya vyakula. Alikagua kutoka kochini kwa kuniamuru nifunue kila sufuria. Akaniuliza firigisi. Nikamuuliza mpishi. Mpishi akasema hakuna.

"Kuku wote hao hawakuwa na firigisi?" bibi akashangaa. "Haya, mpelekee paja. Na samaki. Na ule wali wa manjano."

Nikapeleka. Baba akala kwenye kimeza chenye herufi za A, B, C. Nikarudisha sahani tupu, bibi akaijaza tena.

"Bibi, baba anasema ameshiba."

"Mgeni mwenye adabu anasema hivyo sahani ya kwanza. Peleka."

Ya pili ilikuwa nyama ya ng'ombe. Ya tatu keki na matunda, zimechanganywa na soseji. Baba alizitazama kama mtu anayetazama mtihani wa hesabu, lakini sahani ya mama mkwe hairudishwi na kitu, akala. Ndipo bibi naye akaanza kula, taratibu, na akalala.

Alilala vibaya, maskini. Mdomo wazi, khanga imeteleza, anakoroma mpaka kijiko kinatikisika kwenye kikombe. Miguu yake iliyovimba ilikuwa wazi mpaka magotini. Nikamfunika, akajifunua.

Sasa njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya kochi lake. Baba, baada ya sahani tatu na chupa mbili za maji, alifungua mlango wa twiga, akasikia ule mkoromo, akaurudisha haraka kabla hajaona kitu. Nikaenda kumwambia, "Baba pita tu, amelala."

"Ndiyo maana sipiti," akasema. Akakaa kwenye kiti chake chekundu, akakunja mikono. Nilimwona akikunja miguu, kisha akihesabu twiga. Ilikuwa saa saba. Bibi aliamka saa tisa kasoro.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kushika kichwa. Khanga haikuwepo. Akaninong'oneza, "Baba yako amepita hapa?"

"Hapana."

"Usinifiche."

"Hajapita, bibi. Tangu saa saba anabana mkojo."

Bibi akajifunika khanga uso mzima, na khanga ikaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akaondoa miguu kwenye mito, akasimama, akajitengeneza vizuri, akasema, "Mwambie mkwe wangu naenda dirishani kuangalia ndege. Nitaangalia ndege mpaka nihesabu mia mbili. Na mimi nahesabu polepole."

Sijawahi kumwona baba akitembea haraka vile.

Tulipoitwa niliangalia uzi. Vidole viwili. Walitoka pamoja kama masharti yalivyotaka, mmoja upande wa kushoto, mwingine wa kulia, na Maskati usiku ule mjomba Isaya alimpa bibi mtoto, na bibi akamkagua vidole vyote kabla hajamsalimia hata mjomba.

Mimi sasa niko kidato cha tatu. Likizo ya Juni nilikuwa kwa bibi. Hawezi tena kukimbia, kwa hiyo baba akija yeye anavuta khanga hapo hapo alipokaa, na baba anasalimia zizi, ingawa ng'ombe wenyewe walishauzwa. Watu wa kanisani wanamwambia mambo hayo ni ya zamani, mkwe atoe mbuzi, mila ifunguliwe, naye bibi aende akaishi kwetu Kitaji kwa raha. Baba alishakuja na mbuzi mara mbili. Mara mbili bibi amempokea mbuzi, amemfunga, amemlisha, na khanga haijashuka.

Jioni baba alipoondoka nilikaa karibu na bibi, nikamuuliza tena, maneno yale yale ya darasa la pili.

Bibi alisubiri mpaka gari lilipopotea kwenye kona, ndipo akaiteremsha khanga mabegani.

"Wewe umeniona nikikoroma," akasema. "Mama yako ameniona nikilia. Isaya ameniona nikiumwa, na babu yako, Mungu amrehemu, aliniona nikiwa na hasira kila siku. Nilitaka abaki mtu mmoja ambaye nikisikia anakuja, najitengeneza."