Kujaribu Kamera

Nikibandua plastiki kwenye simu mpya, harufu yake inanirudisha soko la Kadutu, nikiwa mtoto, nimeshika fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga maman. Ndani ya fundo mlikuwa na nauli ya kurudi nyumbani Kasha tu.

“Sinunui bila kujaribu kamera,” maman alimwambia muuzaji wa simu.

“Jaribu, maman.”

Akampigia kwa video papa, baba yangu, aliyekuwa Kinshasa tangu nikiwa mchanga. Uso wake ukajaa kioo. “Mutoto iko mukubwa hivi!”

Nikamwonyesha pengo la jino.

Maman akateta bei, akakosoa rangi, akateta tena. Papa anacheka kwenye simu mkononi mwangu.

Muuzaji akatazama fundo. “Maman, jaribu na hii ingine. Ile betri inaisha.”

Leo nauza simu, na sipunguzi bei ovyo. Ila maman mwenye mtoto akiomba kujaribu kamera, ninachaji kwanza betri ijae.