Siku Mama Alipotoboa Nyumba

Ukuta wa matofali mabichi ukilowa una harufu yake, kama chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoipenda. Kwetu Mbangala, nyumba ikiwa karibu na ukingo wa Mto Songwe, harufu hiyo ilimaanisha toka nje haraka. Msimu ule wa mvua nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa Tunduma akipakua mizigo ya malori mpakani, na nyumba aliyoijenga kwa jasho hilo, matofali mabichi na bati jipya juu, ndiyo ilikuwa mali yetu yote. Siku hiyo huku bondeni jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mto ukaja asubuhi, mwekundu, umebeba magogo na mahindi ya watu, ukalifunika shamba letu la mpunga, ukashika njia ya uani.

Mama alitupandisha watoto pamoja na kuku kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Magunia na magodoro alishayatupia darini. Akamfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua mtaimbo, akaanza kutoboa ukuta wa nyumba yetu, chini kabisa, upande wa mto. Nilijua amerukwa na akili. Baba mdogo, jirani yetu, aliacha viroba vya mchanga alivyokuwa anapanga mlangoni kwake, akaja mbio.

"Shemeji, umechanganyikiwa? Nyumba ya kaka unaibomoa mchana kweupe?"

"Nikiyazuia maji, yataiangusha yote. Acha yapite."

"Kaka akirudi nitamwambia nini mimi?"

"Utamwambia nyumba ipo. Sasa shika jembe, au nipishe!"

Hakushika jembe. Alirudi kwenye viroba vyake akicheka kwa sauti ili tumsikie. Mama akazunguka upande wa pili, akatoboa tundu jingine. Maji yalipofika yaliingia kwetu kama mgeni asiye na haya, yakapita chini ya vitanda, yakatokea nyuma yamebeba sufuria moja. Ukuta ulilegea, plasta ikadondoka, lakini nyumba ikasimama. Kwa baba mdogo maji yalikosa pa kupita, yakajaa upande mmoja wa ukuta, yakasukuma mpaka nyumba ikalala chini na bati lake. Namshukuru Mungu mke wake na watoto walikuwa wameshatoka.

Jioni maji yalipopungua walikuja wote, wamelowa, baba mdogo akiwa nyuma kabisa anaangalia miguu yake. Sisi watoto tulisubiri mama amseme. Alikoroga uji, akachungulia nje.

"Karibu, shemeji. Pita mlangoni tu, usihangaike na tundu."

Mke wake ndiye aliyeanza kucheka, na baba mdogo naye akacheka akiwa na machozi. Walikaa kwetu mpaka mavuno. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekanyaga udongo, akauchanganya na nyasi, akaziba matundu. Baba aliporudi alizunguka nyumba polepole, akapapasa viraka kwa kiganja, kisha akasema mbele yetu sote, "Asante, mama Sekela." Sekela ndiye mimi. Sikuwahi kumsikia baba akimshukuru mtu namna ile.

Leo mimi ndiye mama, nimepanga Tunduma, nyumba ya bloku na vigae. Mvua ikinyesha dakika chache tu, maji ya mtaro yanaingia ndani na pampasi za watu. Huku hakuna mto! Kuna jirani aliyejenga ukuta wa uzio juu ya mtaro. Nilimwendea kwa adabu zote, nikamwomba atoboe tundu chini, maji yapite. Akanijibu ukuta ni wake, mimi mpangaji nihame. Nilimpigia mama simu, nikamwaga yote, na matusi ambayo mtu hamwambii mama yake. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Watoto wako wapi?"

"Juu ya kitanda. Wakavu."

"Basi tunashukuru. Ukuta wa huyo utaanguka. Siku ukianguka, mkaribishe, ana watoto."

Nimejaribu kulifanyia mazoezi hilo neno "karibu" nikiwa peke yangu jikoni, na halitoki. Mama alilitoa siku ile ile, nguo zake hazijakauka.