Alichokiri Shangazi Kwenye Semina

Wasichana wote wa makao yale ya kulelea watoto walimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyekuwa na undugu naye. Alikuwa mlezi wa bweni kwa miaka kumi na sita, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, aliyejua nani hukojoa kitandani na nani huficha mkate chini ya mto. Siku ya kuajiriwa aliulizwa swali moja tu: "Watoto watundu utawaweza?" Akajibu, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Mkurugenzi, mama wa makamo, alicheka akampa kazi papo hapo.

Hakuwa na roho mbaya. Aliwasuka nywele, aliwakeshea walipougua surua, na akianza kumwigiza mhasibu anavyotembea, wasichana walishika mbavu. Lakini aliamini kwamba mtoto asiyeadhibiwa hajalelewa, na hilo hakuna aliyewahi kumbishia.

Ndipo likabandikwa tangazo ubaoni. Wafanyakazi wote, kuanzia mhasibu hadi mlinzi, wahudhurie semina ya siku tatu juu ya kuwalea vijana waliopitia mateso. Wafadhili walikuwa wamelitaka hilo, tena kwa maandishi.

"Miaka yote hii nalea," Shangazi alimwambia mpishi, "leo nikafundishwe na mtu ambaye hajabadilisha nepi hata moja?"

"Kutakuwa na soda na biskuti."

"Basi twende tukafundishwe."

Mkufunzi alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti mpaka waliokaa mbali walitega masikio. Alipanga viti vya bwalo duara, akabandika karatasi kubwa ukutani, na juu ya ile ya kwanza akaandika kwa kalamu nyekundu: Kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Siku ya kwanza Shangazi alisinzia. Siku ya pili aliamka.

"Mtoto akipiga mlango mateke," mkufunzi alisema, "msikimbilie kumwita mkaidi. Jiulizeni kwanza, mlango ule unamkumbusha nini?" Kisha akatoa mfano kutoka kwenye mafaili ya makao yenyewe, bila kutaja jina. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kabla ya kuletwa, baba yake wa kambo alikuwa akimfungia kwenye banda la kuku. Mara ya mwisho alikaa humo wiki tatu. Alifika na makovu ya kamba kwenye vifundo vya miguu yote miwili.

Shangazi aliirudisha biskuti kwenye sahani. Vifundo vile alivijua, alikuwa amevipaka mafuta kwa mkono wake. Mtoto yule alikuwa Kiroboto, aliyeletwa miaka kumi na miwili nyuma na kuitwa hivyo kwa udogo wake na kwa kutotulia. Mafaili yalikaa kwenye kabati la Mkurugenzi na walezi hawakupewa kuyasoma. Shangazi alipouliza habari za makovu, Mkurugenzi alimwambia ni miiba. Na Kiroboto aliporuka ukuta kutoroka kwa mara ya nne, Mkurugenzi alisema, "Mfungie stoo huyo, atatulia." Shangazi akamfungia kati ya mifagio na madebe ya sabuni. Alimfungia mara kumi na moja. Mtoto alipiga mlango mateke mpaka kucha za vidole gumba zikang'oka. Halafu akatulia kweli. Alitulia hata kusema akaacha, miezi mitano mizima. "Unaona?" Mkurugenzi alimsifu. "Amenyooka."

Shangazi alisimama. Hakuna aliyemwita.

"Mtoto huyo namjua," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungia stoo. Mara kumi na moja." Akalia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja, mbele ya mhasibu na mlinzi.

Mkufunzi aliwaomba wote wavute pumzi na kuitoa taratibu. Mkurugenzi alivuka duara, akamkumbatia. "Asante kwa ujasiri wako, Shangazi," alisema, na watu wakapiga makofi. Kisha wakaenda kunywa chai.

Jumatatu alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Aliingia nayo ofisini bila kubisha hodi.

"Ni sera mpya," Mkurugenzi alisema, bila kuinua macho kutoka mezani. "Hatuwezi kukaa na mtu aliyekiri mwenyewe kwamba alimtesa mtoto. Wafadhili watatuelewaje?"

"Si ni wewe uliyeniambia nimfungie?"

"Kuna mahali nimeandika hivyo?"

"Uliniambia kwa mdomo, umekaa hapo hapo. Na faili ulikuwa nalo wewe! Banda la kuku ulilijua wewe!"

Mkurugenzi akainua macho. "Lakini funguo ulikuwa nazo nani?"

Shangazi alihamia kwa dada yake, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na cherehani. Dada hakumbembeleza. "Mdomo huponza kichwa," alisema. "Ungekula biskuti zako ukanyamaza, mbona wenzako wote walinyamaza?" Alisema hivyo asubuhi na jioni, kwa mwezi mzima.

Lakini Shangazi alikuwa na jambo jingine rohoni. Aliulizia huku na huku mpaka akampata Kiroboto, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu na fundi wa sofa kwenye karakana iliyo wazi kando ya barabara. Alimkuta amepiga magoti mbele ya kiti, nyundo mkononi, midomo imebana misumari midogo. Kiroboto alimtazama, akamtambua, akaendelea kugonga.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha," Shangazi alisema. "Sikujua. Wallahi sikujua kuhusu banda la kuku. Ningejua, hata kidole nisingekugusa."

Kiroboto alitema misumari kiganjani. "Nani kakwambia habari za banda?"

"Kwenye semina."

"Semina." Aliipanga misumari juu ya kiti, mmoja mmoja. "Siku ya kwanza ulipokuwa unanisukuma ndani, nilikuomba kitu. Unakumbuka?"

Shangazi alikumbuka, ila alitamani asingekumbuka. "Uliniomba nisizime taa."

"Nilikwambia, Shangazi, nifungie tu, lakini taa iache, gizani nakufa. Nilikwambia kwa mdomo wangu, si kwa faili. Ukafanyaje?"

"Nilizima."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unadeka."

"Basi usiniambie hukujua." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Banda hukulijua, sawa. Watoto wanaokulilia umekaa nao miaka kumi na sita, ulihitaji semina kuwasikia?"

Shangazi alianza kulia. Kiroboto alimwangalia kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Kama umekuja nikubembeleze, umekosea nyumba," alisema mwishowe. "Kalilie kwako. Hapa mteja anataka kiti chake saa tisa." Akarudisha misumari mdomoni. Shangazi alisimama pale, nyundo ikigonga, mpaka kijana wa karakana ya jirani akamwomba apishe njia.

Baadaye alipata kibarua cha kupiga pasi kwa dobi. Watoto wa majirani walipomwita shangazi, aliwaambia wamwite mama tu, au wasimwite kabisa.

Mwaka ulipokwisha, mpishi alipita kumjulia hali. Alimweleza kwamba Mkurugenzi sasa ni mtu mkubwa, anaalikwa na mashirika mengine kuwafundisha namna ya kuwalea vijana walioumizwa. Popote aendapo husimulia kisa cha mlezi mmoja aliyemfungia mtoto stoo.

"Anasimulia vizuri huyo mama," mpishi alisema. "Juzi ukumbi mzima ulilia."

Shangazi aliinua pasi kutoka kwenye shati. "Walimlilia Kiroboto?"

"Hapana. Walimlilia yeye Mkurugenzi, alivyoumia siku alipogundua ulichomfanyia mtoto."