Ubeti wa Mihogo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi shuleni Kilwa hata hizo mbili sikupewa. Asubuhi nilishuka kwenye lori kutoka milima ya Kipatimu, na saa tisa mchana nilikuwa nimeinama kwenye shamba la shule, napalilia mihogo, huku wenzangu wa darasa wakiicheka lafudhi yangu ya Kimatumbi. Nilikasirika sana. Nikaapa sitamsemesha mtu mpaka likizo.

Kisha bendi ikaanza kupiga.

Bendi yenyewe ilikuwa ya Dar es Salaam, lakini pale shambani haikuwa na chombo hata kimoja. Msichana mmoja wa Masoko alikuwa amekaa likizo nzima kwa shangazi yake huko Dar, jirani na ukumbi wa dansi, akarudi na wimbo wa bendi hiyo kichwani. Yeye ndiye aliyeimba, na gita la solo akalipigia puani. Mvulana wa Songo Songo alipuliza tarumbeta kwa mdomo mtupu, likatoka na mluzi kwa sababu ya pengo lake la mbele. Waliobaki waligongesha majembe. Jamani, niliduwaa. Hasira zote kwisha. Bendi ile niliipenda palepale, na usiku nikaiota.

Wimbo ulikuwa wa mwanamume aliyeachwa na mchumba, chakula hakishuki, usingizi hauji. Katikati ya kilio hicho, ghafla, wote wakapaza sauti: tulime mihogo, njaa tuifukuze, tulime mihogo! Halafu wakarudi kwa mchumba. Siku nyingine mihogo ilikuja mwanzoni, siku nyingine mara mbili. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jembe, wala sikuona kwamba kila ilipoimbwa mihogo, mwalimu wa zamu alikuwa anapita. Kwangu ulikuwa ubeti kama beti nyingine, tena niliuona wa maana. Mtu kaachwa, afanyeje? Si ashike jembe.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani na ugonjwa wangu wa bendi. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na redio yake ilikuwa ya hotuba na taarifa ya habari, basi. Betri zilianikwa juani kwenye ungo, na aliyezichezea alikiona cha mtema kuni. Dansi aliita uhuni. Nikamwambia bendi hii si ya kihuni, inahimiza kilimo. Akauliza kilimo gani. Nikasema mihogo. Baba yangu, mtu wa ujamaa kindakindaki, akalainika. Ila akanionya kwamba nikiwa nimemdanganya, dansi nyumbani kwake nisiitaje tena.

Jumamosi jioni, saa ya kipindi cha dansi, akawaita majirani wa nyumba zake zote waje kusikiliza wimbo wa mihogo kutoka Dar es Salaam. Sikuwa na wasiwasi na wimbo. Niliogopa tu betri zisije zikafa kabla ya mihogo.

Mtangazaji akaitaja bendi, moyo ukanilipuka. Lakini gita halikutoka puani. Tarumbeta halikuwa na mluzi. Nikajiuliza, hawa vipi leo? Mchumba akaliliwa, gita likapita, mchumba akaliliwa tena, wimbo ukaisha. Mihogo hakuna. Majirani wakamtazama baba, baba akanitazama mimi.

"Baba, wamekosea," nikasema, machozi yakinilenga. "Wameruka mihogo."

Mzee mmoja akaangua kicheko, na mama akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba hakucheka.

"Wewe unajua unavyotakiwa kuimbwa?" akaniuliza.

Nikasimama, nikaimba. Gita nikalipiga puani, tarumbeta nikalipuliza na mluzi wake, ingawa meno yangu yalikuwa kamili. Nilipofika kwenye mihogo nikapaza sauti mpaka mbuzi wakainua vichwa, na yule mzee aliyenicheka akawa wa kwanza kuitikia. Wengine wakamfuata. Redioni bendi nyingine ilikuwa imeshaanza wimbo wake. Baba akanyoosha mkono, akaizima.

"Betri zipumzike," akasema. "Haya mwanangu, anza upya. Na mihogo iwe mara mbili."