Mguu Ulioipandisha Radi

Watu wa Soko Matola walikuwa na onyo moja kwa wageni: ukitaka Yudith akushonee gauni zuri, usimpelekee kitambaa siku ambayo timu yake ya Radi imefungwa. Siku hiyo cherehani yake ilinguruma kwa hasira mpaka jioni, na kila aliyepita barazani alipewa fungu lake la malalamiko. Nani kapangwa vibaya, nani alistahili kukaa benchi, na kwa nini viongozi wa timu ile hawafai kukabidhiwa hata bata.

Mpira aliurithi kwa mumewe. Jailos alikuwa beki wa Radi zamani, enzi wachezaji wengi wa Mbeya wakicheza pekupeku. Alipofariki kwa homa ya mapafu na kumwachia binti mmoja, Roza, majirani walidhani mjane atasahau njia ya uwanjani. Wapi! Alikata kadi ya uanachama kwa jina lake mwenyewe, akawa anakaa palepale alipozoea kukaa, sweta juu ya kanga, maana baridi ya Mbeya mwezi wa sita haimjali mtu. Wanaume walimcheka, kisha wakamzoea, na mwisho wakaanza kumuuliza kabla ya mechi: "Mama Roza, leo unaonaje?"

Mwaka ule wa sabini na saba alikuwa anaona hivi: Radi ina kamati ya ufundi kubwa kuliko safu yake ya ulinzi. Jina lisimdanganye mtu, kamati ile haikuwa na fundi wa mpira hata wa dawa. Kazi yake ilikuwa kuwasaka waganga, kuwaleta mjini, na kuhakikisha masharti yao yanafuatwa na wachezaji. Mwalimu wa timu, Philbert, aliujua mpira vizuri, lakini alikuwa anapangiwa kikosi na watu wasioweza kutofautisha kona na mpira wa kurusha.

Pamoja na yote hayo, Radi ilikuwa na Shija.

Shija alikuwa kijana wa Kisukuma. Baba yake, Maganga, alihama na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akatua kwenye mbuga za Usangu karibu na Rujewa. Kijana akakulia nyuma ya ndama, na labda ndipo alipopata ile miguu. Alicheza winga ya kushoto. Akipata mpira, beki aligeuka kulia, akageuka kushoto, na alipotulia Shija alikuwa ameshapiga krosi na anarudi zake. Klabu ilimpangia chumba cha uani nyumbani kwa Yudith, na haikupita muda akawa anamwita "mayu," kama wanavyomwita mama kwao.

Wiki moja kabla ya mechi ya kuamua nani apande ligi ya taifa, mwenyekiti wa klabu alifika barazani kuchukua suruali yake. Aliitwa Abrahamu, mfanyabiashara wa viazi, mtu mwenye kucheka polepole.

"Mama Roza, maneno yako yananifikia kila siku."

"Vizuri yakikufikia, Ndugu mwenyekiti. Ndiyo sababu nayasema kwa sauti."

"Sasa unataka nini hasa?"

"Mwachie Philbert timu yake aipange mwenyewe. Na mumtunze yule mtoto wa Maganga. Akifika Iringa mzima, tumepanda. Hizo ndumba zenu haziwezi kupiga krosi."

Abrahamu alicheka, akaikunja suruali. "Mpira una yanayoonekana na yasiyoonekana, mama. Wewe unaona yanayoonekana. Yale mengine tuachie sisi."

Walisafiri kwenda Iringa kwa mabasi mawili, moja la wachezaji na viongozi, jingine la mashabiki. Pale Igawa, njia ya Rujewa inapoingia barabara kuu, walimkuta Maganga na ndugu zake wamesimama na fimbo zao, wakiyapungia mabasi. Yudith alimwona Shija amechungulia kwenye dirisha la basi la mbele, akicheka, mkono mzima nje. Mashabiki wakaimba jina lake mpaka Makambako.

Iringa walipokewa na upepo na vumbi jekundu. Uwanja ulikuwa umejaa. Yudith alikuwa ameshakata tiketi, amesimama kwenye mstari wa kuingia, alipoona basi la wachezaji halisimami mlangoni. Lilipita, likazunguka nyuma ya uwanja. Mashabiki kadhaa wa Radi wakalikimbilia, naye akaifunga kanga vizuri akafuata.

Alipofika, wachezaji walikuwa wamepangwa chini ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mrefu, juu umesakafiwa mawe yaliyochongoka. Wajumbe wa kamati ya ufundi walikuwa wanawapandisha mmoja mmoja kwa ngazi ya mti.

"Mnafanya nini?" Yudith aliuliza.

Mjumbe mmoja alimjibu bila kumtazama. "Mlangoni kumetegwa. Mtaalamu amesema hakuna kupita mlangoni. Wanaruka, na wanaruka kinyumenyume. Anayetazama mbele anaharibu kazi."

Yudith alimtafuta Philbert kwa macho. Mwalimu alikuwa kando, ameshika mfuko wa mipira, uso umemwiva kwa aibu.

"Mwalimu! Na wewe umesimama tu?"

"Nimesema, mama," Philbert alijibu kwa sauti ndogo. "Wameniambia nisiposhika adabu nirudi Mbeya kwa miguu."

Golikipa aliruka akasalimika. Beki akaruka, akajikwaruza kiwiko. Zamu ya Shija ikafika. Alisimama juu ya ukuta, mgongo umeelekea uwanjani, akawa anawatazama watu waliobaki nje. Macho yake yalikutana na ya Yudith. Hakucheka kama alivyocheka Igawa. Yudith akainua mkono amwambie ashuke, lakini sauti ilikuwa bado kooni kijana alipojiachia.

Walisikia kishindo, na ndani ya kishindo kile wakasikia mlio mwingine mkavu, kama mtu amevunja ukuni gotini. Kisha Shija akapiga ukelele.

Yudith hakujua amepita wapi. Watu walimsimulia baadaye kwamba aliirukia ile ngazi akapanda na kanga zake, akashukia upande wa pili kwa kushikwashikwa na wachezaji. Alichokumbuka yeye ni mguu wa kushoto tu, umepinda pale chini ya goti ambapo mguu wa binadamu haupindi. Alikaa chini vumbini, akakipakata kichwa cha kijana.

Abrahamu akaja kwa kuzungukia mlangoni, kwa maana sharti halikuwahusu viongozi. Yudith aliuinua uso akamtazama, akitegemea kuona hofu. Hofu haikuwepo. Mwenyekiti aliutazama ule mguu, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiisubiri.

"Pole, kijana," alisema. Kisha akamgeukia Yudith. "Mama Roza, wewe ni mama. Nenda naye hospitali. Sisi tuna mechi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mechi aliyoisubiri tangu Jailos yuko hai, Yudith aliisikilizia hospitalini, kwenye benchi la mbao nje ya chumba walimokuwa wanamfungia Shija plasta. Upepo ulikuwa ukileta kelele za uwanja na kuziondoa. Kuna wakati zilivuma kwa nguvu, naye akajikuta anajiuliza ni goli la nani, halafu akaona haya kwa kujiuliza. Jua lilipoelekea kuchwa, mashabiki wa Radi walipita barabarani wanaimba. Bao moja bila. Radi imepanda ligi ya taifa.

Alimpelekea Shija habari hiyo. Kijana alifumba macho, machozi yakamtoka yakaingia masikioni. Yudith alidhani ni uchungu wa mguu.

Mkutano wa wanachama uliitishwa Mbeya baada ya majuma kadhaa. Ukumbi ulifurika, wengine wakasimama madirishani. Shija aliwekwa kiti cha mbele, magongo ubavuni. Wanachama wakapiga makofi kwa golikipa, kwa mfungaji, hata kwa dereva wa basi. Kisha Abrahamu akasimama.

"Ndugu wanachama, wako wanaosema viongozi hatujui mpira. Leo nitawaeleza msichokijua. Mtaalamu alituambia mapema: Radi haishuki bila kuchoma mti. Mmoja wenu ataanguka, na akianguka, mmeshinda. Tumetoa mguu mmoja, ndugu zangu. Tumepata ligi!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walirusha kofia. Yudith alitazama kulia na kushoto akitafuta uso mmoja ulioshangaa kama wake, asiupate. Wale wale waliokuwa wakimuuliza "leo unaonaje" walikuwa wamesimama juu ya viti, wanashangilia mfupa wa mtu. Akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, naomba nafasi."

"Kaa chini, mama!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Sikai. Nina kadi kama wewe. Mnasema mlijua mtu ataanguka. Mlijua, na mkawapandisha ukutani watoto wa watu? Tungepita mlangoni, huyu angecheza, na tungefunga tatu! Mmeshinda kwa sababu Philbert aliwafundisha kukaba, basi. Na huko ligi ya taifa mnakokwenda, mtakwenda na winga gani? Mtavunja mguu wa nani kila wiki?"

"Mchawi huyo!" sauti nyingine ikajibu, na kicheko kikafuata.

"Kama mimi ni mwongo, muulizeni Shija mwenyewe. Mwacheni aseme."

Kelele zikapungua. Shija alishika magongo, akajiinua kwa taabu. Yudith akasubiri.

"Mayu," Shija alisema, "kaa tu. Walituambia tukiwa kambini. Walisema mmoja ataanguka, na kila mmoja aulizwe kama anakubali. Mimi nilikubali."

"Ulikubali?" Yudith aliuliza.

"Nilikubali. Na timu imepanda." Kijana alimtazama kwa macho ya kusihi. "Mayu, usiseme nilianguka bure."

Makofi yaliyofuata yalitikisa mabati. Yudith alikaa. Mkutano uliendelea, wakachagua kamati, wakamwongeza mwenyekiti muda, na yeye hakusikia neno. Watu walipotoka wote alikuwa bado ameketi, anatazama kile kiti cha mbele. Mpaka Philbert alipomgusa bega. "Twende, mama. Wanafunga ukumbi."

Maganga alikuja kumchukua mwanawe wiki iliyofuata. Yudith alimpikia, akamweleza yote, akijiandaa kutukanwa. Mzee alikula, akanawa mikono.

"Ng'ombe akivunjika mguu," alisema, "sisi tunajua la kufanya. Mtu anayempandisha ng'ombe ukutani, huyo kwetu hatujamwona bado." Akasimama. "Wabeja, asante mama, kwa kumlinda. Nampeleka nyumbani."

Msimu wa ligi ulipoanza, Yudith alifanya jambo lililozungumzwa sokoni muda mrefu. Siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, aliwachukua wauza mboga na wanakwaya wenzake wa kanisani, wakasimama nyuma ya uwanja, chini ya ukuta, wakajipanga bega kwa bega. Basi la Radi lilipokuja na ngazi yake, likawakuta.

"Tokeni hapo!" kamati iliamuru.

"Pitieni mlangoni," Yudith alijibu. "Kama ni kuruka, mtatukanyaga sisi kwanza."

Yakatupwa matusi. Mtu mmoja akamsukuma, naye akarudi palepale. Mwisho Philbert alishuka na mfuko wake wa mipira, akawapita viongozi, akatembea kuelekea mlangoni. Golikipa akamfuata. Wengine wakatazamana, wakafuata.

Siku hiyo Radi ilifungwa matatu bila majibu. Kabla ya jua kuzama, lawama zote zilikuwa barazani kwa Yudith. Walimnyang'anya kadi, Philbert akafukuzwa kazi, wateja wengine wakahamisha vitambaa vyao. Ngazi ikarudi ukutani mechi iliyofuata, na Radi ikafungwa vilevile, safari hiyo ikiwa imeruka. Mwisho wa msimu ilishika mkia ikateremka daraja, na hakuna aliyekuja kumwambia Yudith kwamba alisema kweli. Aliendelea kwenda uwanjani kwa tiketi ya mlangoni kama mpita njia yeyote.

Mwaka uliofuata Roza aliolewa Iringa. Yudith akirudi kutoka kumtembelea, alishukia Igawa akaenda mpaka Rujewa. Alimkuta Shija kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ana vumbi la pumba nywele nzima. Mguu ulikuwa umeunga vibaya. Alitembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili. Vijana waliokuwa wakisubiri mpunga wao walikuwa wamemzunguka, anawasimulia.

"Mguu huu," alikuwa akisema, akiupiga kwa kiganja, "ndio ulioipandisha Radi."

Yudith alisimama mlangoni. Maneno aliyokuwa nayo yalitosha kuwatawanya vijana wale, na alikuwa ameshafungua mdomo Shija alipomwona, uso ukamchanua wote.

"Mayu!"

Akaufunga mdomo. Aliingia, akapewa gunia la kukalia. Walisalimiana, wakaulizana habari za Maganga, za Roza, za ng'ombe. Mashine ilipozimwa, Shija alisogea karibu.

"Mayu, niambie ukweli. Unaonaje mwaka huu? Tutapanda tena?"

Yudith alifikiri kama alivyokuwa akifikiri barazani.

"Hapana," alisema. "Golikipa bado mzuri, na wana kijana mmoja wa kati anajua. Lakini viongozi ni wale wale. Wakiwaondoa, miaka miwili. Wasipowaondoa, usinisumbue kuniuliza."

Shija alicheka, akavuta gunia lake karibu zaidi. "Huyo wa kati anacheza vipi?" aliuliza. "Nieleze polepole."