Kalunde Hakazi Raketi Asiyoikagua

Kalunde Muindi alikuwa mtunza stoo wa shule ya wasichana kwa miaka kumi na tisa, na stoo ndiyo iliyomfunza kutomwamini mtu. Mipira kumi ikitoka, minane hurudi. Jezi zikienda kufuliwa hupungua. Kila mtu ana maelezo, na maelezo yote ni mazuri. Alipostaafu, shule ilimpa mashine ya kukaza nyuzi za raketi iliyokuwa ikiota kutu nyuma ya mabao ya chesi. Ameiweka kwenye kibanda nyuma ya soko la Kitui, kati ya fundi viatu na mama wa ndengu. Barua ya mwalimu mkuu inayosema alipewa mashine ameibandika ukutani, asije mtu akasema ameiiba.

Wachezaji wa badminton, kwake, ni waongo kuliko wanafunzi. Wote huomba uzi ukazwe kwa pauni nyingi kuliko mikono yao inavyoweza. Uzi uliokazwa sana unamfaa mwenye nguvu na ufundi. Asiye navyo hulazimika kukisukuma kinyoya, ule mpira wa manyoya, kwa bega zima, na kiwiko ndicho kinachoumia. Uzi ukilegea kidogo, kinyoya huruka chenyewe. Lakini hakuna mwanamume anayekuja kuomba uzi wa kulegea. Kwa hiyo Kalunde humsalimia mteja kwa mkono wa kulia, na kwa dole gumba la kushoto humbonyeza kiwiko. Akishtuka, anapunguziwa pauni mbili.

Kisha mwezi wa saba, kwenye mashindano ya vijana wa kanisa kule Mukuyuni, raketi mbili alizozikaza zilikatika nyuzi siku moja. Neno likaenea kwamba anatumia nyuzi zilizovuliwa kwenye raketi kuukuu. Nani alilianzisha, hajui mpaka leo. Alichojua ni kwamba ikikatika nyingine, wachezaji wote wangepeleka raketi zao Machakos, na mashine ingerudi kuota kutu.

Gedion alifika Alhamisi. Ni karani wa ofisi ya maji, na Jumamosi hiyo alikuwa anacheza na watu wa Makueni, wawili kwa wawili. Kama wengi sokoni, humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, niwekee ishirini na nane. Uzi ule mwembamba."

Kalunde alimpa mkono, akambonyeza kiwiko. Gedion akaruka.

"Ishirini na nane ni za nani?"

"Si ndizo wakubwa wanatumia? Nimeona kwa simu."

"Wakubwa wana viwiko."

Aliigeuza raketi. Fremu yoyote huandikwa karibu na mshikio mwisho wa pauni inazobeba. Kwenye hii, gripu, ule utepe wa mshikio, ilikuwa imezungushwa hadi juu, ikafunika maandishi yote. Ilikuwa mpya, bado inanata. Kalunde akaanza kuifungua.

"Mwaitu! Hiyo gripu nimefunga jana!"

"Ndiyo nataka kujua kwa nini umefunga jana."

Maandishi yakatokea: mwisho pauni ishirini na nne. Kalunde aliiweka raketi mezani polepole.

"Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Unaniletea fremu ya ishirini na nne, umeifunika, uniambie nikaze ishirini na nane. Ipasuke hapa, halafu mseme Kalunde ameharibu."

"Aki sijatumwa! Mimi hushika juu, karibu na fremu. Na Karanja wa Sultan Hamud, mwenye aliniuzia, alisema inabeba thelathini."

"Na wewe ukamwamini Karanja."

"Si ako na duka?"

Mama wa ndengu alicheka mpaka kikombe chake cha kupimia kikaanguka. Kalunde hakucheka. Alisema ataweka ishirini na tatu, uzi mnene unaodumu, au aichukue raketi yake aende. Gedion alinuna, kisha akavuta stuli.

"Sawa. Lakini nitakaa hapa mpaka umalize."

Alikaa saa nzima. Kila uzi ulipovutwa, aliinama kusoma kipimo. Halafu akaokota pakiti ya uzi pale chini, akaichungulia ndani, akaipeleka puani.

"Unanusa nini?"

Gedion aliona haya. "Watu wanasema si mpya, Mwaitu."

"Kumbe na wewe umesikia."

"Kila mtu amesikia."

Kalunde aliendelea kuvuta. Kwa miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akiwakagua watu. Hakuwahi kujua inavyokuwa kukaguliwa.

Huwa haendi kutazama michezo. Jumamosi alienda, akaketi karibu na mlango wa ukumbi wa kanisa, kitambaa cha kichwa amekishusha hadi machoni. Hakufuata hesabu, alisikiliza uzi. Kila Gedion alipopiga, alisikia mlio uleule mzito, mzima. Uzi haukukatika. Gedion na mwenzake walishindwa seti ya tatu, tena vibaya.

Ndolo, nahodha wa Makueni, alikuja kumpa Gedion mkono. Watu walikuwa wamejaa hapo.

"Ilikuwa nyuzi? Nasikia mko na fundi hapa..."

Kalunde alisimama, tayari kutoka.

"Nyuzi ziko sawa," Gedion alisema. "Nilikaa nikaona zikiwekwa, pakiti mpya. Ni mimi nimechapwa."

Ndolo aliichukua raketi, akaugonga uzi kwa kucha, akauliza fundi anapatikana wapi. Gedion akaonyesha mlangoni.

Kalunde alimngoja Gedion nje, chini ya dirisha.

"Kwa nini hukunisingizia? Ilikuwa rahisi."

"Ningesema nini, Mwaitu, na niliona?"

Alilibeba jibu hilo njia nzima hadi nyumbani, akilitafutia kasoro. Hakuipata, na hilo nalo lilimkosesha raha.